Barua ya Kuukana Moto

Tulikuwa watu saba katika ofisi ya mkuu wa shule. Mkuu mwenyewe alikuwa nyuma ya meza, kwenye kiti chake cha kuzunguka. Mwalimu wa Kiingereza, kijana aliyetoka mkoa wa mbali, huu ni mwaka wake wa pili kwetu. Shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa marehemu mume wangu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo kwa sababu kaka zake wote wamekwisha. Mjumbe wa bodi ya shule, mwanamke anayeuza mawese sokoni Kibondo. Wazazi wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi, yeye kazaliwa huku na ni raia kama mimi. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa tatu. Mwanangu mwenyewe yuko Kahama anatafuta riziki. Binti yao, mjukuu wangu, wa kidato cha nne, alisimama katikati kwa sababu hakupewa kiti. Na mimi.

Majina yao ninayo yote, ya ubatizo, ya nyumbani na ya utani. Sisahau jina la mtu. Sitaliandika hata moja hapa, maana nikianza na moja itabidi niyaandike yote, na kuna mengine nitayaandika kwa kalamu ya kuchoma karatasi. Nilisoma mpaka darasa la nne. Ninaandika polepole, lakini hasira yangu si ya kuisha haraka, kwa hiyo nina muda.

Juu ya meza kulikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema kwamba kisa alichokisimulia mjukuu wangu siku ya mahafali ni cha kutunga, hakikutokea kamwe, na kwamba anauomba radhi ukoo. Ilibaki sahihi yake tu. Akisaini, kesho anarudi darasani, na baada ya wiki tatu anafanya mtihani wa taifa. Asiposaini, anakaa nyumbani "mpaka familia ielewane." Hayo ni maneno ya mkuu. Mtihani haungoji familia ielewane, na mkuu anajua hivyo kuliko mtu yeyote.

Kisa chenyewe kilikuwa changu.

Mjukuu wangu analala chumba kimoja na mimi. Jioni tunapopukuchua maharage yeye huweka daftari juu ya goti na kukariri. Mwaka huu mwalimu wa Kiingereza aliwapa maneno ya fasihi, ishirini na kitu, kila neno na maana yake na mfano wake. Mtoto anakariri, maharage yanaanguka kwenye ungo, mimi nasikiliza Kiingereza nisichokijua. Siku moja nikamwuliza.

"Hiyo simile ndiyo nini?"

"Tashibiha, bibi. Unafananisha kitu na kitu, unaweka neno kama. Mrefu kama mnara wa simu."

"Na hiyo nyingine?"

"Metafa. Hiyo ni sitiari. Unafananisha bila kuweka kama. Unasema tu, mtu huyu ni mnara."

"Sasa anayesikia atajuaje kwamba si mnara kweli?"

"Bibi! Atajua tu!"

Tulicheka. Nikamwambia anisomee mifano iliyoandikwa ubaoni. Akasoma: nyeupe kama theluji. Nikamwuliza ameiona wapi theluji. Akasema kwenye simu ya rafiki yake. Akasoma mwingine, wa meli na mawimbi, na mwingine wa mfalme na taji. Daftari zima halikuwa na mgomba hata mmoja, wala jembe, wala muhogo. Lakini hilo halikunikasirisha sana. Shule ni shule, nayo ina vitu vyake.

Kilichonikasirisha ni neno la jioni iliyofuata. Alilitamka mara tatu mpaka likakaa mdomoni: yufemizimu.

"Ni tafsida," akasema. "Neno kali unaliacha, unaweka lingine la adabu. Kama vile watu wanavyosema fulani ametutoka, badala ya amekufa."

"Nani anakukataza kusema neno lenyewe?"

"Hakuna, bibi. Ni adabu tu. Mwalimu anasema ni pambo la lugha."

Pambo! Niliweka chini maganda niliyokuwa nayo mkononi. Pambo ni ushanga. Pambo unalivaa ukitaka, ukichoka unalivua. Ndipo nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata baba yake.

Mimi nimezaliwa Kitanga, upande wa Kasulu. Niliolewa huku, karibu na Mabamba, mwendo wa siku mbili kwa miguu wakati ule. Kwa desturi yetu Waha, mke akishaingia nyumbani kwa mume hatamki jina la baba mkwe. Na si jina peke yake. Neno lolote lililomo ndani ya jina lile hulitamki pia, hata kama ni neno la kila siku. Mwanamke mwingine aliyeolewa kijiji kile alikuwa na bahati, baba mkwe wake aliitwa jina la mnyama wa porini ambaye hata hajawahi kuonekana kwetu. Mimi baba mkwe wangu jina lake lilikuwa na moto ndani yake. Moto, kwa Kiha. Kitu ambacho mwanamke hukigusa kuliko kitu kingine chochote tangu asubuhi.

Kwa hiyo sikusema moto. Mama mkwe alinifundisha siku ya kwanza, akiwa ameketi kwenye kizingiti. Ukienda kuomba moto kwa jirani unasema, nipatie mlamba kuni. Ukitaka uchochewe unasema, mlamba kuni amesinzia. Nilisema hivyo mwaka mzima, na mwaka wa pili. Nilijifunza Kiswahili haraka kuliko wanawake wenzangu wote kwa sababu hiyo hiyo: dukani kwa yule Mwislamu aliyekuja kutoka Kasulu niliweza kusema "kiberiti cha kuwashia moto," neno zima, kwa sauti, na hakuna aliyenitazama. Nilikuwa nikienda dukani wakati mwingine bila haja ya kitu.

Mwaka wa pili, kabla sijapata mtoto, jiko liliwaka. Lilikuwa jiko la nyasi, na pembeni yake kulikuwa na kihenge cha maharage ya msimu mzima. Nilikuwa nimetoka nje kuchukua kuni. Kugeuka, naona moshi unatoka kwenye paa mahali ambapo moshi hautokei. Nikakimbilia uani nikapiga kelele: "Mlamba kuni amepanda juu! Mlamba kuni amepanda juu!"

Bondeni kulikuwa na wanawake wanalima. Mmoja akanijibu, nasikia sauti yake mpaka leo, anacheka: "Amepanda juu ya nini?"

Nikasema tena. Wakacheka tena. Walidhani naimba, au natania, maana hakuna mtu anayeomba msaada kwa maneno ya namna ile. Na mimi nilikuwa naona nyasi zinajikunja, zinakuwa nyeusi, zinaanguka kwenye kihenge. Basi nikalisema. Nililisema neno lenyewe la Kiha kwa nguvu zangu zote, mara mbili.

Wanawake wakatupa majembe. Wakaja na mitungi, na matawi ya migomba, na mikono mitupu. Wanaume waliokuwa kwenye pombe wakaja. Kihenge kikaokolewa, ila upande mmoja maharage yalikaangika. Nyumba kubwa haikuguswa.

Na baba mkwe wangu? Alitoka kwenye pombe na wenzake. Alifika uani, moto ule anauona, uko mbele ya macho yake, watu wanapita na maji wanamkwepa. Akasimama katikati akauliza, "Nani ameniita?"

Mara ya pili akauliza kwa sauti kubwa zaidi. "Nani ameniita?"

Hakushika hata tawi. Moto ulipozimwa, nilirudishwa kwetu Kitanga siku ile ile, na majivu kwenye nywele, nikaambiwa nisirudi bila mbuzi na mtungi wa pombe ya ndizi wa kusafisha mdomo wangu. Baba yangu alitoa mbuzi. Hakuniuliza kitu. Niliwapelekea mbuzi watu ambao maharage yao niliyaokoa mimi, nikapiga magoti, nikapiga makofi ya salamu kama inavyotakiwa, wakachinja wakala.

Ndivyo nilivyomwambia mjukuu wangu. Nikamwambia, hiyo ndiyo tafsida ninayoijua. Kamwambie mwalimu wako kwamba si pambo. Ni hofu.

Sasa hapo mwisho ndipo kosa langu lilipo, na ninalikubali. Nilisema "kamwambie mwalimu wako." Lakini nilisema vile mtu anavyosema akiwa na uchungu. Sikusema kaiambie wilaya.

Siku ya mahafali sisi wazazi tulikaa chini ya turubai. Kulikuwa na risala, nyimbo, mgeni rasmi alichelewa. Halafu wanafunzi wakaonyesha mambo ya masomo. Wa kemia walibadilisha maji rangi, tukapiga makofi. Wakaja wa Kiingereza, kila mmoja ameshika karatasi ya manila yenye neno moja la fasihi. Kila mmoja anaeleza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu, kisha anatoa mfano kutoka nyumbani kwao. Mwalimu ndiye aliyetaka mifano ya nyumbani. Ni wazo zuri, sikatai. Wa tashibiha alisema mama yake anakoroma kama mashine ya kusaga. Mama yake alikuwapo! Tulicheka mpaka machozi.

Kisha akaja wangu, na tafsida.

Akashika maikrofoni akasimulia yote. Mlamba kuni, paa, wanawake wa bondeni. Kwa Kiswahili kizuri, polepole, anajua kusimulia kuliko mimi. Na alipofika kwenye jina, akalitaja. Jina la baba mkwe wangu lilitoka kwenye spika mbili kubwa, likagonga ukuta wa maabara, likarudi. Mimi niliinamisha kichwa kama aliyepigwa. Halafu akaifanya sauti nzito ya kizee, akatoa kifua mbele akasema, "Nani ameniita?"

Uwanja ulilipuka. Watu walicheka hadi mgeni rasmi akafuta macho. Shemeji yangu alikuwa mstari wa mbele, amevaa koti. Akasimama akaondoka, na wanafunzi walipomwona anaondoka wakajua ni wa ukoo ule, na mmoja nyuma akaita kwa sauti ile ile, "Nani ameniita?"

Tangu siku hiyo hakupita njiani kwa baiskeli yake bila kuitwa hivyo. Vijana wa pikipiki nao wakaichukua. Akienda kisimani, akienda kanisani. Nani ameniita, nani ameniita. Hilo ndilo lililomleta ofisini kwa mkuu, na eneo la bweni la wasichana alilitoa yeye, kwa hiyo mkuu alimsikiliza akiwa amesimama.

Na mimi? Mjukuu wangu alirudi nyumbani siku ile anang'aa, ana cheti mkononi. Sikusema naye siku mbili. Nilimwekea chakula nikageuka. Siku ya tatu akaja kuketi karibu na mimi. "Bibi, nimekosa nini?" Nikamwambia, "Hukuniuliza." Akasema, "Lakini ulisema kamwambie mwalimu." Nikamwambia, "Mwalimu ana masikio mawili. Pale palikuwa na masikio mangapi?" Akalia. Nilimwacha alie. Miaka yote ile nilikitunza kisa kile ndani ya mfupa, na mtu mwingine ndiye aliyechagua siku ya kukitoa, akakitoa kwa kicheko. Watu walicheka kwenye jambo ambalo mimi sijawahi kulichekea hata mara moja.

Nilikuwa bado na hasira naye asubuhi tulipoitwa ofisini.

Mkuu alisoma ile karatasi kwa sauti. Kisha akamwuliza mwalimu wa Kiingereza kama aliipitia kazi ile kabla ya mahafali.

"Kiukweli mkuu, mimi niliwaelekeza tu watoe mifano ya nyumbani," kijana akasema, anaangalia viatu vyake. "Sikuipitia."

Mjukuu wangu akamtazama, akainamisha macho. Mimi niliiona ile manila. Imo chini ya kitanda chetu, nimefagia mara tatu nikiihamisha. Ina kalamu nyekundu. Amesahihisha maneno mawili, na chini ameandika: safi sana, usibadilishe kitu. Kwa Kiswahili, ndiyo maana niliweza kuisoma. Nilimwangalia yule kijana nikatamani kumwambia, mwanangu, hata mimi nimewahi kuogopa, lakini sikumsukuma mtoto mbele yangu. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimekuja kwa jambo moja tu, mtihani wa mtoto.

"Shemeji," shemeji yangu akaanza, ananigeukia mimi badala ya mkuu. "Mimi sina ugomvi na mtoto. Lakini jina la baba limetupwa kwenye spika kama la mwizi anayetafutwa. Mwiko ni mwiko."

Mama wa mawese akakohoa kidogo. "Mzee, nisamehe mimi mgeni. Mwiko huo hata kwetu upo, mama yangu alikuwa nao mpaka anakufa. Lakini unamfunga mke aliyeolewa. Damu haufungi. Au nyie Waha mna wa aina nyingine?"

"Ni huo huo."

"Basi huyu binti ni damu. Na jina lenyewe si ndilo la tatu kwenye vyeti vyake? Mwalimu anaita mahudhurio kila asubuhi. Kwenye mtihani wa taifa ataliandika kwa mkono wake mwenyewe. Mbona wakati wa mahudhurio hukuja, baba?"

Shemeji yangu akakuna shingo. Si mjinga. Akasema, "Sawa. Jina naliachia. Lakini uongo siuachii. Baba hakusimama akauliza vile. Hakuna moto wowote. Hizi ni hadithi za wanawake wakipukuchua maharage."

Hakuna moto wowote. Alisema hivyo mbele yangu.

Mkwe wangu akaniinamia sikioni. "Mama, asaini tu. Ni karatasi. Aingie kwenye mtihani, mengine tutayamaliza nyumbani." Wala simlaumu. Yeye ni mama, anaona wiki tatu tu mbele yake. Mkuu akasogeza kalamu. Mjukuu wangu akaishika. Akaisogeza kwenye karatasi, halafu akaniangalia.

"Bibi, nisaini?"

Sasa ndiyo ananiuliza! Nilikaribia kusema ndiyo. Ninataka ijulikane hivyo, nisije nikajifanya shujaa. Nilifikiri, moto ule umenisumbua maisha yangu yote, sasa uzimwe moja kwa moja, mtoto apate cheti chake. Neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Lakini nilimwona shemeji yangu amelegea kwenye kiti, ameanza kufunga vifungo vya koti kama mtu aliyekwisha kumaliza.

"Subiri," nikamwambia mtoto. Nikamgeukia shemeji. "Wewe ulikuwa na miaka kama tisa."

"Shemeji, tusirudi huko."

"Nilipotoka kwetu Kitanga nilikuja na mbuzi. Unamkumbuka?"

Akarudia vifungo vya koti.

"Alichinjwa nyuma ya nyumba. Ini ulipewa wewe kwa sababu ulikuwa kitinda mimba na mama yako alikudekeza. Ulikaa kwenye jiwe la kusagia, ukala kwa mikono yote miwili, mafuta yanakutiririka mpaka kwenye viwiko. Mimi ndiye niliyekuosha. Sasa niambie mbele ya hawa watu. Kama moto haukuwapo, yule mbuzi jike wa baba yangu alikuja kwenu kufanya nini? Kutembea?"

"Alikuwa dume," shemeji akasema.

Akajisikia amesema. Mama wa mawese alifunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Hata mkuu alishika kidevu akaangalia dirishani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza ile ya serikali kwa mikono yote miwili.

"Dume basi," nikasema. "Nashukuru umenikumbusha. Alichinjwa kwa kosa gani?"

Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea, kwa sauti ndogo. "Wananiita njiani, shemeji. Watoto wadogo. Nani ameniita. Mimi sikumuua mtu."

Nilimwonea huruma kama muda wa kumeza mate. Halafu nikakumbuka kwamba yeye ameitwa wiki mbili, mimi nimenyamazishwa tangu usichana wangu, na huruma ikapita.

Mkuu akajikohoza. "Basi hatuwezi kuandika kwamba hakikutokea."

"Usiandike hakikutokea," shemeji akasema. Nimesema si mjinga. Alikuwa amekwisha kupata njia nyingine. "Andika kwamba amesimulia siri ya mtu mzima bila ruhusa yake. Hilo nalo ni utovu wa nidhamu. Mwulize bibi yake. Tena mwulize sasa hivi. Alimruhusu?"

Alinijua. Alijua kwamba mimi sisemi uongo, ukoo mzima unajua, wakigombana kuhusu nani alizaliwa lini au nani alipewa nini huja kuniuliza mimi. Na labda mkwe wangu alimwambia mke wa shemeji kwamba sikusema na mtoto siku mbili, mambo hayo hutembea.

"Bibi," mkuu akasema, "alikuomba ruhusa?"

Hilo ndilo swali ambalo jibu lake lilikuwa limenichoma usiku na mchana. Hakuniomba. Alichukua kitu changu akaenda kukivaa mbele za watu. Kama kuna mtu katika ofisi ile aliyekuwa na haki ya kumshitaki mtoto yule, ni mimi, na sasa nilikuwa napewa nafasi, kwa heshima zote, na adui yangu ndiye aliyenifungulia mlango.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimruhusu."

Mjukuu wangu aliinua kichwa ghafla. Nilimkazia macho akakirudisha chini.

"Ulimruhusu aseme na jina?" shemeji akauliza.

"Na jina. Mimi siwezi kulitamka, mdomo wangu umezoea kufungwa. Nilimwambia yeye aliseme kwa niaba yangu."

Mkuu aliichana ile karatasi ya kwanza, akaandika nyingine kwa mkono. Iliandikwa kwamba kisa ni changu, kwamba kilitokea, na kwamba mwanafunzi alikisimulia kwa idhini yangu. Nilisaini kwa herufi zangu za darasa la nne, polepole, wote wananisubiri. Mambo mawili ya kweli na moja la uongo. Mama wa mawese alisaini kama shahidi. Mwalimu wa Kiingereza alitaka kunipa mkono nikatoka. Shemeji yangu alitoka bila kuaga, na wakati anavuka uwanja hakuna mwanafunzi aliyemwita, kwa sababu mkuu alikuwa amesimama mlangoni.

Njiani, kabla ya pikipiki kuja, mjukuu wangu alinishika mkono. "Bibi, umedanganya kwa ajili yangu."

"Nyamaza. Na hukuniuliza, hilo bado halijaisha."

"Nisamehe, bibi."

"Nitakusamehe ukimaliza mtihani. Panda."

Amemaliza. Alifanya karatasi zote, na aliporudi baada ya ile ya Kiingereza nilimwuliza kama walimwuliza hayo maneno ya fasihi. Akasema waliuliza sitiari na mandhari, tafsida hawakuigusa. Nikakasirika upya, sijui nilimkasirikia nani. Matokeo hayajatoka. Shemeji yangu akinikuta njiani siku hizi hapigi makofi ya salamu, anainua mkono juu kama anamsimamisha dereva. Na wale wanaofundisha kwamba kunyamazishwa ni pambo, bado wanafundisha, na watoto bado wanakariri.

Ninaandika haya kwa sababu katika faili la shule ile kuna barua yenye jina langu, nayo ina uongo. Nilikwisha kupiga magoti na kulipa mbuzi kwa kosa ambalo si kosa. Sitaki nife nimeacha karatasi ya uongo nyuma yangu, hata kama uongo huo ningeusema tena kesho. Mtihani umekwisha, hawawezi kumtoa mtoto kwenye chumba cha mtihani. Basi ukweli ni huu: sikumruhusu.

Tulioiona siku ile ya moto tumebaki wachache, na baadhi yenu mmehamia Kasulu kwa watoto, mwingine nasikia yuko Nyabibuye. Nimesema maharage yalikuwa ya msimu mzima. Inawezekana yalikuwa nusu. Nimesema mwanamke mmoja ndiye aliyenijibu kutoka bondeni; huenda walikuwa wawili. Sina hakika ni nani alifika kwanza na mtungi, ingawa nina jina moja kichwani. Kama wewe ulikuwapo, na nimekosea, njoo uniambie ilivyokuwa. Nitafuta na kuandika upya. Ila uje mwenyewe, usinitumie mtu, na uje mapema, maana niko nyumbani na nina maswali yangu pia.